Manukato Yangu Si Ushahidi

Siku ile ya kuhojiwa nyumba kwa nyumba nilikuwa nimetoka kuoga. Nimejipaka matone mawili, moja shingoni, moja mkononi, kama kila siku. Dada wa shirika akakaa mbele yangu na karatasi zake, mkalimani pembeni. Akauliza: mko watu wangapi, wagonjwa wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku. Halafu akavuta pumzi, akatabasamu, akasema neno kwa Kiingereza. Mkalimani akacheka kidogo. Nikamuuliza, amesema nini?

"Anasema mama unanukia vizuri, kama mtu asiyekosa kitu."

Kisha akaandika. Aliandika nini, mimi sikuona. Najua tu kwamba mwezi uliofuata jina langu halikuwa kwenye orodha ya nyongeza, na najua pia kwamba jina linaweza kuondolewa kwa sababu kumi. Kwa hiyo simshitaki mtu. Lakini tangu siku ile wanamama wa upande wetu wamejiwekea sheria: siku ya watu wa karatasi, usipake kitu. Jirani yangu amefika hata kuvaa kitenge cha kupikia, kile chenye moshi, ili anuke umaskini vizuri. Anuke, si anukie. Kiswahili kimetenganisha maneno hayo mawili kwa herufi moja tu, na sisi hapa Kenani tunajifundisha wenyewe kukaa upande wa lile fupi.

Naandika kama muuzaji. Kule Kalemie nilikuwa na meza ya manukato, mali inavuka ziwa kutoka Kigoma. Hapa nina katoni moja na vichupa kumi na kitu. Hasira yangu basi ina biashara ndani yake, nasema mapema, msije mkasema nimeficha. Ila ina ujuzi pia. Na dada yule alikosea hata kwa upande wa ujuzi, kwa sababu alichosikia puani si kile alichodhani. Alidhani nimepaka For Her ya Narciso Rodriguez. Aliitaja kwa jina. Anayo kwake.

Ile naijua. Muuguzi mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji aliniachia chupa mbili, kila moja imebaki robo: nyeusi na ya rangi ya waridi. Nyeusi ndiyo ya kwanza, ilitoka mwaka 2003, kazi ya Christine Nagel na Francis Kurkdjian. Ya waridi ilifuata mwaka 2006. Kwa sababu moja imeandikwa eau de toilette na nyingine eau de parfum, watu wanadhani ya pili ni ile ile ya kwanza, imekolezwa tu, kama chai iliyoongezwa majani. Hapana. Ni ndugu wa baba mmoja, kila mmoja na tabia yake. Nyeusi inaanza na ua la mchungwa, na chini yake kitu kama mbao kavu, halafu inatulia mpaka inakuwa ngozi ya mtu aliyeoga. Ya waridi inaanza na waridi lenyewe na tunda kidogo, ni tamu zaidi, ni nzito. Kwenye baridi ya Ulaya uzito ule unaweza kuwa joto zuri. Mpeleke Mweru mwezi wa kumi, saa sita mchana, kwenye gari la abiria lililojaa: inakaba. Mimi ningechukua nyeusi, kila siku, bila kufikiri mara mbili.

Sasa ninyi vijana mnaosimama mbele ya katoni yangu na kusema "mama, hii ni ya bongo", niambieni: ya kweli mnayoitaka ni ipi? Nyeusi au ya waridi? Ya mwaka gani? Maana viwanda vyenyewe vinabadilisha mapishi huku chupa inabaki ile ile. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku Lilial, harufu ya maua meupe iliyokuwa ndani ya manukato mengi sana, na wenye viwanda wakalazimika kuitoa na kutafuta nyingine. Anayesema "napaka ile ile aliyopaka mama yangu" mara nyingi anapaka jina tu.

Nakubali kwamba kuna nakala mbaya. Kile kichupa cha mililita 25 chenye namba, kinachotoka Nakonde kwa mabasi, ninakiuza kwacha 60 na sikisifu. Dakika kumi za kwanza ni pacha wa ile ya waridi, ungeapa. Baada ya nusu saa waridi limekufa, imebaki spiriti na sukari. Unaipaka alfajiri, ukifika katikati ya foleni ya maji huna kitu. Na zile za kopo za kupuliza kwapani, kwacha 45, ni kelele tu. Mtu akipuliza ndani ya hema wote wanakohoa, na saa moja baadaye hata yeye mwenyewe hajui kama alipuliza.

Niliyopaka siku ile ni mafuta. Miski nyeupe, kichupa cha mililita 10 chenye kigololo mdomoni. Jina hilo lina historia yake: The Body Shop ya Uingereza ilitoa White Musk mwaka 1981 na ikajivunia kwamba hakuna mnyama aliyeguswa. Wanawake Waislamu wa pwani na Uarabuni wao wanaijua miski nyeupe kwa njia nyingine, miski ya twahara, ya kupaka baada ya hedhi. Mafuta ninayouza mimi si ya Body Shop wala hayasemi kwamba ni yake. Yananukia maziwa, poda ya mtoto, shuka lililokauka juani, na ua jeupe ambalo huwezi kulitaja jina. Hayana spiriti, kwa hiyo hayaruki hewani. Yanakaa juu ya ngozi na kumngoja mtu asogee. Yanashinda kutwa. Jioni, baada ya kuni, moshi na vumbi, weka pua kwenye kiwiko: bado yako. Kati ya matoleo yote niliyotaja, nikiambiwa nichague moja la kukaa nalo kambini, ni hili, na siyo kwa sababu ya bei.

Lakini tuseme bei, maana ndiyo inayowaumiza wenye karatasi. Kichupa ni kwacha 40. Mililita moja inatoa kama matone 20, kwa hiyo kichupa ni matone 200. Matone mawili kwa siku ni siku 100. Ni ngwee 40 kwa siku. Huyo ndiye mtu asiyekosa kitu.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo limenigharimu wateja. Pua nyingine hazisikii miski fulani kabisa. Si mafua, si uzee. Mtu amezaliwa hivyo, na anasikia harufu nyingine zote. Mama mmoja alinirudishia kichupa mbele ya watu, akapiga kelele kwamba nimemuuzia mafuta ya kupikia. Mabinti zake wawili walikuwa nyuma yake, wanafunika pua kwa jinsi kilivyonukia. Nilimrudishia pesa. Tangu hapo namwambia kila mteja: nusa vichupa vitatu kwanza, na umlete mtu wa kunusa pamoja nawe.

Sasa nisikilizeni juu ya hiyo miski yenyewe, ninyi mnaotenganisha ya kweli na ya bongo. Miski ya asili inatoka kwa paa dume wa milima ya Asia, kwenye kifuko kilicho karibu na kitovu. Ili kuipata, wawindaji walimuua. Leo biashara ya kimataifa ya wanyama hao imebanwa na mkataba wa CITES, na chupa za dukani, nyeusi na ya waridi, zinanukia miski iliyotengenezwa maabara. Ya kwanza kuleta faida alitengeneza Mjerumani Albert Baur mwaka 1888, na hakuwa anatafuta manukato. Alikuwa anachezea dawa za mlipuko, jamaa za ile TNT ya mabomu, na moja ikatoka inanukia. Sisi tuliokimbia milio ya silaha kutoka Tanganyika na Haut-Katanga tunajipaka shingoni mjukuu wa baruti. Nikiwaza hivyo usiku nacheka peke yangu.

Na miski za baadaye, kwa sababu zinashika kwenye nguo na hazitoki kwa maji, zikawekwa kwenye sabuni ya unga. Ile harufu ya "nguo safi" ya shati la mgeni anayeshuka kwenye gari jeupe, sehemu yake ni miski. Amevaa manukato kutoka kola hadi soksi bila kujua, wala hakuna anayemwandika popote.

Kuna wengine ambao lazima niwaseme, nao ni wetu wenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akafundisha kwamba mwanamke wa kambini anayenukia anamtafuta nani. Baba, hamtafuti mtu. Njoo nikuonyeshe. Kuna binti anafanya kibarua Kashikishi, anasaidia kuanika chisense mchangani, anageuza, anajaza magunia. Jua lote lile, na zile samaki ndogo zinaingia mpaka kwenye nywele. Analipwa, anarudi, konda anamwambia akae nyuma kabisa. Akifika kwenye foleni ya kliniki watu wanahama benchi. Amejisugua kwa kile kipande cha sabuni tulichogawiwa. Asante kwa sabuni, inaondoa uchafu, lakini harufu ya chisense haiondoi. Alinunua kichupa changu kwa malipo ya vibarua viwili. Hakununua mwanamume. Alinunua kukaa kwenye benchi na watu wengine. Dawa zake siku hizi anachukua kwa wakati, kwa sababu hakimbii tena foleni.

Na hema. Aliyewahi kulala kwenye hema kubwa la pamoja, familia na familia zimetenganishwa na kipande cha shiti, anajua kwamba kitu cha kwanza kinachopotea si chakula. Ni harufu yako. Unanuka turubai, blanketi za gunia, moshi wa jirani, mtoto wa jirani. Mwili unakuwa wa wote. Usiku wangu wa kwanza hapa mwanangu mdogo alinitafuta gizani kwa mikono na hakunijua, akaenda kulala kwa mama mwingine. Nyumbani alikuwa ananijua kwa pua.

Sitaki mfikiri nauza utakatifu. Kuna mama alikuja kwangu na kopo la maharage ya watoto, anataka kubadilishana. Nilimkatalia, tukanuniana wiki mbili. Simuuzii mtu kwa mkopo wa chakula, na simpakii mtoto mchanga hata mama yake akilia. Kuna watu wanaojaza upya vichupa kwa vitu wasivyovijua. Ngozi inawaka, inabadilika rangi juani. Kabla ya kununua kwa yeyote, hata kwangu, paka tone moja ndani ya mkono, ulale nalo, uangalie asubuhi. Na aliye na pumu akae mbali na yale makopo. Haya ndiyo maswali ningependa kuulizwa na watu wa afya. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wanaofanya kazi ya kutuhesabu nawaambia hivi. Kwenye karatasi yenu hakuna mstari wa harufu. Nimemwomba mkalimani anisomee maswali yote, tangu la kwanza hadi la mwisho, na hakuna. Kama mnataka kuuweka, uwekeni wazi, tujue pua yenu inatoa pointi ngapi. Kama haupo, basi mkinukiwa na kitu kizuri ndani ya hema semeni asante au nyamazeni, na mwendelee na swali linalofuata. Na mnapopanga kifurushi kingine cha usafi, waiteni wanawake kumi, wale wa samaki wawemo, muwaulize wangechagua nini kama pesa ile ile ingekuwa mikononi mwao. Huenda watasema sabuni, vitambaa, mafuta ya ngozi. Huenda mmoja atataja kichupa. Mwandikeni na yeye.

Jirani yangu amenishauri nisiandike haya kabla ya mahojiano mengine, nisubiri orodha itoke kwanza. Nimemsikia. Mkija nitakuwa nimeoga, na nitakuwa nimepaka: tone moja shingoni, moja mkononi. Andikeni hivyo hivyo. Mafuta ya miski, ngwee 40 kwa siku.