Kirinya na Maluku: fundi anatoka na ujuzi, anakwama kwa karatasi

Malori yanayotoka Malaba kwenda Kampala hupita Jinja usiku na mchana. Ni madereva wachache wanaojali kwamba pembeni mwa mji huo, karibu na Ziwa Victoria, kuna gereza kubwa la Kirinya. Mbale nako gereza la Maluku limo ndani ya jiji, si mbali na masoko ambako kahawa, vitunguu na maharage ya Mlima Elgon hununuliwa na wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka. Wengi wanaotoka katika magereza hayo hurudi katika kazi zilezile za ukanda huu: kubeba mizigo, kuendesha boda boda, kushona, kuuza nafaka. Kwa hiyo jinsi wanavyoandaliwa kutoka inamhusu mfanyabiashara wa mpakani kuliko anavyodhani.

Kisheria, maandalizi yapo. Sheria ya Magereza ya mwaka 2006, iliyoyaweka magereza ya serikali za mitaa chini ya Jeshi la Magereza la Uganda, inalitaka jeshi hilo liwarekebishe wafungwa kwa elimu na mafunzo. Useremala, ushonaji, ujenzi na kilimo hufundishwa, na kwa miaka mingi mamlaka ya mafunzo ya ufundi, DIT, iliwapima baadhi yao na kuwapa vyeti. Cheti hicho kina thamani sokoni kwa kuwa kilitolewa na DIT, si na gereza. Jeshi hilo pia hutaja kwa fahari kwamba wanaorudia makosa ni takriban asilimia 15, kiwango cha chini kikilinganishwa na cha nchi nyingi. Lakini hesabu hiyo inamhusu anayerudi gerezani. Aliyetoka akakaa mwaka mzima bila kazi, akila kwa shemeji yake, haonekani humo.

Tatizo la kwanza ni msongamano. Magereza ya Uganda yana watu zaidi ya 70,000, ilhali yalijengwa kwa ajili ya takriban 20,000. Karakana haiwezi kumfikia kila mtu. La pili ni fedha. Kwa miaka mingi malipo ya mfungwa anayefanya kazi yamekuwa shilingi 100 za Uganda kwa siku kwa asiye na ufundi, 250 kwa mwenye ufundi kiasi na 500 kwa fundi. Anayelipwa 100 akifanya kazi siku 26 kila mwezi, mwaka mzima hupata shilingi 31,200. Fundi hupata 156,000, iwapo hakutumia hata senti kwa sabuni. Mfanyabiashara yeyote wa Busia anajua mtaji wa namna hiyo unanunua nini.

Hata hivyo, fedha si kikwazo kigumu kuliko vyote. Kigumu zaidi ni karatasi, na hapa ndipo maandalizi ya sasa yanapopungua.

Vitambulisho vya kwanza vya taifa nchini Uganda vilitolewa kuanzia 2014 na 2015, vikiwa na muda wa miaka 10. Zoezi kubwa la kuvihuisha lilianza Mei 2025. Mtu aliyeingia Kirinya mwaka 2018 anaweza kutoka leo akiwa na kitambulisho kilichokwisha muda, au bila chochote, kwa sababu kilipotea siku aliyokamatwa. Bila kitambulisho hasajiliwi laini ya simu. Laini yake ya zamani ilifungwa kwa kutotumika, na huenda namba ile sasa ni ya mtu mwingine. Bila laini hapokei wala hatumi pesa kwa simu, na siku hizi hata mwenye kibanda cha nyanya hulipwa kwa simu. Hawezi kuvuka Malaba au Lwakhakha kwa kutumia kitambulisho, ingawa raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa na haki hiyo tangu 2014. Akivuka kwa njia za panya, amekwisha kuvunja sheria wiki ya kwanza tu ya uhuru wake.

Kuna pia barua ya mwenyekiti wa LC1. Mwenye nyumba anaiuliza, na mwajiri vilevile. Mwenyekiti naye anataka kumjua mtu kabla ya kumwandikia, na huyu hakuonekana kijijini kwa miaka saba. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa Februari 2022 wilayani Kibuku, si mbali sana na Mbale, hukopesha kaya hadi shilingi milioni moja. Lakini ni lazima mtu awe na namba ya kitambulisho, awe mkazi anayejulikana na awe mwanachama wa kikundi. Aliyetoka Maluku jana ana ufundi wa kuezeka nyumba, ila hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Jambo linaloudhi ni kwamba haya yote yanaweza kushughulikiwa mapema, kwa kuwa tarehe ya kutoka inajulikana. Sheria ya Uganda inampa mfungwa mwenye mwenendo mzuri punguzo la theluthi moja ya kifungo. Aliyehukumiwa miaka mitatu anatarajiwa kutoka baada ya miwili, na ofisi ya gereza ina tarehe hiyo kwenye faili. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayeachiwa awe na hati za utambulisho, mavazi, mahali pa kwenda, na fedha za nauli na za kujikimu siku za mwanzo. Afisa wa vitambulisho kuingia Kirinya mara moja kila robo mwaka, na kuwashughulikia waliobakiza miezi mitatu, ni gharama ndogo kuliko kumlisha mtu huyohuyo akirudi.

Mahabusu hawana tarehe. Nao ni karibu nusu ya watu wote waliomo magerezani. Katiba inampa mahabusu haki ya dhamana baada ya siku 60, au 180 kwa makosa makubwa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, lakini asiye na mdhamini hubaki ndani. Siku kesi inapofutwa hutoka ghafla, mara nyingi bila kupitia mafunzo yoyote, na kibanda chake sokoni kina mtu mwingine. Mpango wowote wa kuandaa watu ukiwasahau hawa umesahau nusu ya kazi.

Wapo pia wadaiwa, na hapa mfanyabiashara hawezi kujifanya mtazamaji. Sheria ya Uganda ya mashauri ya madai inamruhusu mdai kumfungisha mdaiwa aliyeshindwa kulipa, kwa muda usiozidi miezi sita, na mdai ndiye anayelipia chakula chake. Mdaiwa akitoka, deni bado lipo, ila hawezi kukamatwa tena kwa hukumu hiyohiyo. Yaani mwenye mali amelisha mdaiwa nusu mwaka, amempotezea wateja, kisha anamdai mtu aliyezidi kufilisika. Wapo wanaoona kwamba kitisho cha gereza ndicho kinachowafanya wengine walipe, na hilo haliwezi kukataliwa moja kwa moja. Lakini kwa aliyekwisha kuingia, mdai mwenye hesabu nzuri angekuwa wa kwanza kwenda Maluku kupanga naye malipo ya awamu na kumrudishia bidhaa kidogo za kuanzia.

Upande wa kikanda, pengo ni la ofisi. Kenya ina idara moja inayoshughulikia majaribio na huduma za baada ya kifungo. Uganda, maafisa wa majaribio wako chini ya wizara inayosimamia jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, na wilayani muda wao mwingi huishia kwenye kesi za watoto. Mkenya wa Bungoma anayemaliza kifungo Mbale huvuka mpaka bila afisa wa upande mmoja kumkabidhi kwa mwenzake wa upande wa pili. Vyeti navyo vina kikwazo chao. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, makubaliano ya kutambuliana yamewafikia wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na madaktari wa mifugo. Seremala mwenye cheti cha DIT akifika Bungoma, tajiri wa karakana atampima upya kwa macho yake, kisha atamuuliza namba ya simu ya mtu anayemfahamu.