MASHAURI YA FUNDI: Tangi la Dizeli Ndani ya Jahazi

Mlango wa Shela, iliko njia ya kutoka Lamu kwenda bahari kuu, si mahali pa mzaha kusi likivuma. Jahazi lenye injini hutoka hapo tanga likiwa limekunjwa, na nahodha ameweka tumaini lake lote katika dizeli. Mara injini hukohoa, hupunguza mwendo, kisha huzimika. Bandarini ilikuwa ikienda vizuri kutwa. Tajiri wa chombo akipata habari hununua pampu mpya, kisha nozeli mpya, na safari ya tatu mambo huwa yale yale, kwa kuwa fedha zimetumika mahali pasipo na ugonjwa. Mara nyingi ugonjwa umo tangini.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi, na ni ajabu kwamba wanaoijaribu ni wachache. Fundi atwae debe safi, alitie dizeli safi, alifunge imara mahali palipo juu kuliko injini, na aliunganishe kwa mpira moja kwa moja na pampu. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini nayo yarudi debeni. Jaribio hili lifanywe chombo kikitikiswa na mawimbi, kwa maana gatini injini haikusumbua tangu mwanzo. Ikienda bila kusita, haina kosa. Kosa liko tangini au katika bomba litokalo tangini.

Sababu yake ni hii. Miezi ya kusi kali vyombo vingi hupumzishwa, na tangi huachwa nusu. Nafasi iliyo juu ya mafuta hujaa hewa ya pwani yenye unyevu, na usiku chuma kikipoa unyevu ule hugeuka matone na kuteremka. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, na lita ya maji ni kilo kamili. Basi maji hukaa chini kabisa. Hapo maji yanapogusana na dizeli huota vijidudu na kuvu, ambavyo hula mafuta na kuishi kwa yale maji. Kuvu mmoja mashuhuri wataalamu humwita Hormoconis resinae. Huacha utando mweusi wenye utelezi, ambao mabaharia wengi hudhani ni lami iliyoletwa na mwuza mafuta. Taka zake zina ukali wa asidi, nao hula chuma cha tangi.

Uchafu huo ukitulia hauna madhara ya haraka, kwa kuwa mdomo wa bomba la kunyonya huinuliwa kidogo juu ya sakafu ya tangi. Wimbi likikirusha chombo, vyote huvurugika na kuvutwa pamoja. Ndiyo maana injini huzimika penye hatari, wala si uchawi.

Kabla ya kulaumu uchafu, hata hivyo, kitazamwe kijibomba cha kupumulia, kwani tangi lisipovuta hewa mafuta hayatoki. Nyigu hujenga humo, chumvi huganda, na wapaka rangi huziba bila kujua. Injini ikizimika, kifuniko kifunguliwe polepole: hewa ikisikika kuingia kwa nguvu, kosa limeonekana bila gharama.

Maji hutolewa asubuhi, chombo kikiwa kimetulia usiku kucha. Kwenye tangi lisilo na koki chini, mpira wa pampu ya mkono ufikishwe katika pembe iliyo chini kuliko zote, na kinachotoka kitiwe katika chupa nyeupe. Baada ya muda mpaka kati ya maji na dizeli utaonekana wazi.

Chujio jipya likiwa jeusi baada ya saa chache, kununua jingine ni kupoteza fedha. Tangi lifunguliwe na kusuguliwa. Dawa ya kuua kuvu yafaa baadaye tu, kwa maana kuvu waliokufa huziba chujio vile vile. Mafuta machafu yasimwagwe majini. Mikoko na samaki hawana kosa. Fundi asivute sigara wala asitumie taa ya moto.

Tangi likiwa safi na injini bado ikisita, bomba la kunyonya lina ufa. Ufa wa upande huu huvuta hewa ndani badala ya kuvujisha mafuta nje, hivyo bomba huonekana kavu na zima. Likisha kubadilishwa, skrubu ya chujio ilegezwe na pampu ya mkono ipigwe mpaka mapovu yaishe.

Tangi la mabati yenye zinki halifai, kwa kuwa zinki na dizeli huzaa utando kama sabuni. Mwenye kinu cha kusagia mahindi anayeweka dizeli katika pipa la namna hiyo naye ajihadhari.

Chombo kikipumzishwa, tangi lijazwe, isipokuwa nafasi ndogo ya mafuta kutanuka. Na mpaka lisafishwe, nahodha asitoke mlangoni ila tanga likiwa tayari kwenye foromali na nanga ikiwa omo.