Mbunge Hatumwi Kugawa Sukari



Nina swali, nami nakuomba unijibu nafsini mwako kabla ya kunikasirikia. Mara ya mwisho mbunge wako alipopita mtaani, iwe ni Ngamiani, Pangani au kule Mkinga, ulimwuliza nini? Ulimwuliza amesema nini Dodoma juu ya mkonge, bandari na uvuvi? Au ulimwomba mchango wa arusi na turubali la msiba? Mimi hukaa barazani kila baada ya Alasiri, na nayasikia. Mwaka 2015 watu wa Tanga Mjini walimpeleka bungeni Mussa Mbarouk wa CUF, na mwaka 2020 wakampeleka Ummy Mwalimu wa CCM. Chama kilibadilika na mtu alibadilika; swali la barazani halikubadilika hata herufi moja: "Ametupa nini?"

Swali hilo ndilo liharibulo ubunge, na wanaoliuliza ni sisi.

Tazama tulivyochezewa kwa neno letu wenyewe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaingizwa ndani yake kwamba mgombea akitoa kitu kwa nia njema, kwa desturi ya ukarimu, basi hiyo si rashwa bali ni takrima. Takrima! Neno la Kiarabu, ndugu yake karamu na ukarimu, ambalo mzee wa pwani akilisikia humjia sura ya mgeni aliyekaribishwa mkekani. Wakalichukua, wakalivisha kanga na pilau za kampeni. Chaguzi mbili, wa 2000 na wa 2005, zilipita chini ya sheria hiyo. Natamani ningeandika kwamba aliyekwenda mahakamani kuipinga ni sheikh mmoja wa pwani. Haikuwa hivyo. Walikwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kuwa ni kinyume cha Katiba, kwani humbagua mgombea asiye na kitu.

Nasi hukumu tulikuwa nayo tangu karne ya kwanza. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye aliporudi akatenga mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza, je, angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfikia?

Utaniambia: sheikh, huyo alipokea, na mgombea hutoa. Ndivyo hasa! Siku ya kura mwenye madaraka ni wewe. Wewe ndiye Ibn al-Lutbiyya. Basi jiulize, lau usingekuwa na kadi ya kupigia kura, kanga ile ingekufikia nyumbani kwa mama yako? Na laana ya rashwa, kama tulivyosomeshwa, humshika mtoaji na mpokeaji pamoja.

Kazi hiyo imewahi kufanywa kwa namna nyingine. Bibi Titi Mohamed, Mwislamu wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma za wanawake. Mwaka 1955 akakabidhiwa wanawake wa TANU, akazunguka nchi akiwatoa majumbani kuja kwenye chama. Akawa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo. Ulipofika uchaguzi wa 1965, ule wa jembe na nyumba, watu wa Rufiji wakamwangusha, kama walivyomwangusha wa Mwanza Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupangisha nyumba. Yeye hakukubaliana nalo, akajiuzulu Kamati Kuu. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shitaka la uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa. Alifariki mwaka 2000. Sisemi alikuwa malaika, wala kesi ile siiamui mimi hapa. Wapo wasemao aling'ang'ania mali yake tu. Lakini alipotakiwa achague baina ya nyumba na cheo, aliacha cheo. Nionyeshe leo aachaye cheo.

Na hata anachokupa mbunge mara nyingine si chake. Tangu sheria ya mwaka 2009 upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, fedha ya serikali, kodi yako wewe unayenunua kiberiti. Mabati yakija tunapiga vigelegele: mbunge ametoa! Ametoa wapi?

Mwaka mmoja wa kampeni, mgombea ambaye jina lake nalisitiri alileta madrasani kwangu gunia la sukari na mikeka sita. Nikairudisha. Mke wangu alinuna siku tatu, na haki alikuwa nayo, maana watoto walikuwa wakikaa sakafuni. Mzazi mmoja akanambia, "Sheikh, umetunyima." Sikuwa na jibu la kumridhisha. Mikeka tuliinunua mwaka uliofuata kwa michango ya wazazi, shilingi mia tano mia tano. Ilitosha minne, ya ukindu, na yule mzazi alitoa mara mbili.