Rufaa imeandikwa, mgonjwa yuko wapi?

Wiki hii tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, tuongee kuhusu ile karatasi inayoitwa rufaa. Usifunue ukurasa kwanza! Wewe uliyeko Tunduma, Mbeya mjini au hata Sinza, siku mama akipewa karatasi hiyo, simu ya kwanza anapigiwa nani kama siyo wewe?

Tuseme una mama mkubwa Iyula, kule Mbozi. Ana uvimbe kwenye titi. Mganga wa karibu anamwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Vwawa. Huko nako wanaona mambo mazito, wanampeleka ya kanda, Mbeya. Wanakata kinyama, anaambiwa arudi kuchukua majibu. Mama anafunga karatasi kwenye pindo la kanga, huyoo, shambani, maana kahawa ikishaiva haimngoji mtu.

Majibu yanatoka, yanalala kwenye faili. Waliopima wanadhani kashapata habari, waliomtuma wanadhani yuko kwenye matibabu, na kule alikoanzia wanadhani kapona kwa sababu haonekani. Kila mtu anadhani! Uvimbe wenyewe haudhani, unakua tu. Baada ya miezi sita tunazungumza ugonjwa mwingine kabisa.

Sitaki ugomvi na manesi, foleni zao tunazijua. Lakini mbona wenzao wa CTC wanaweza? Mwenye virusi akikosa siku yake ya dawa, jina lake linaonekana, anapigiwa simu au mhudumu wa jamii anamfuata nyumbani. Wa kifua kikuu vilevile. Na mjamzito akipata dharura kuna m-mama, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115 bure, linatafutwa gari, hata teksi ya mtaani, na aliyepokea simu anajua nani katoka wapi na anapelekwa wapi. Titi, presha na goita vimekosa nini?

Dawa yake wala siyo ghali. Daftari moja la kaunta: jina, namba ya mgonjwa, namba ya ndugu, katumwa wapi, lini. Pembeni safu tatu: kafika? majibu? karudi? Halafu mtu mmoja, na jina lake lijulikane, kila Ijumaa anapiga simu kwa wale ambao safu zao ziko tupu. Hata zahanati binafsi pale Tunduma inaliweza hilo. Kompyuta zipo siku hizi, vituo vingi vya serikali vina mfumo wa GoTHOMIS. Safi sana, ila kompyuta bila mtu wa kuuliza "wale wa wiki jana wamefika?" ni televisheni isiyo na picha.

Nawe kijana usikae unasubiri daftari. Ukimsindikiza mzazi, piga picha ile rufaa kabla haijalowa. Andikisha namba yako pia, siyo ya kwake peke yake, ambayo chaji imekwisha tangu juzi. Kabla hamjatoka mlangoni muulize dokta: majibu lini, nimpigie nani? Akikujibu "mtapigiwa", mshukuru, chukua namba ya kliniki, na siku ikifika piga wewe.

Tuonane wiki ijayo.