Mugumo Si Kuni

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wasomaji wapenzi, naomba tuyapime maneno hayo hapa kwetu Endarasha.

Muhula uliopita tulionyeshwa darasani picha za hekalu la Fushimi Inari, mjini Kyoto, Japani. Tangu mwaka wa 711 watu huenda pale kumwomba Inari, mungu wa mpunga na neema. Wafanyabiashara wamejenga maelfu ya malango mekundu kutoa shukrani. Sote tulisifu: "Kweli Wajapani wanajua kutunza mambo yao!" Lakini mwenzetu alipotaja mugumo, darasa zima liliangua kicheko. Eti huo ni ushenzi! Jamani, kicheko kile kilinichoma moyo, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kucheka.

Tofauti iko wapi? Mvua ilipokosa, wazee wa Agikuyu walikwenda chini ya mugumo na mwana-kondoo wa rangi moja. Walielekea Kirinyaga, wakamwomba Ngai mvua na mavuno. Mti huo haukukatwa ovyo, hata tawi. Kilima cha Karima kule Othaya kilihesabiwa kuwa mahali patakatifu kwa njia iyo hiyo.

Najua kuna watakaosema ninawashawishi wanafunzi waabudu miti. La hasha! Mimi ni Mkristo na Jumapili huimba kwaya. Sisemi turudi kuchinja kondoo. Nasema heshima ile ililinda miti na chemchemi, nasi watu wa Kieni twajua kiangazi ni nini. Viazi vikinyauka shambani, hakuna anayecheka.

Mnamo Novemba 2020, serikali iliamua kuuacha mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way, Nairobi, ingawa barabara ya mabilioni ilikuwa ikijengwa. Ikiwa barabara kuu iliukwepa mti, shoka letu la kutafuta kuni lina haraka gani?

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, ziara ya chama mwaka ujao iwe Karima, si Nairobi tena. Nauli ni ndogo na wazee wa kutueleza wangali hai. Wakifa, tutamwuliza nani? Pili, tupande mugumo mmoja hapa shuleni.

Mwalimu mlezi, tunangoja jibu lako. Nawe uliyecheka siku ile, njoo tuchimbe shimo pamoja. Jembe nitaleta mimi.