Chuma cha Mguu Kipimwe Mguuni

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu wa shamba la chai aliumia mshipa wa fahamu, wayo ukawa unaburuta. Mwajiri akamletea chuma kirefu cha kufika pajani, bila kipimo. Goti lake lilikuwa zima! Leo chuma kinaning'inia ukutani, naye anatembelea fimbo.

Wayo ukilegea peke yake, kwa kawaida chatosha kifaa kifupi cha chini ya goti. Kirefu ni cha goti lisiloweza kubeba mwili. Fundi akupime, utembee mbele yake na viatu vya kazini. Ukikivua, alama ya kubanwa isipotoweka kwa nusu saa, akirekebishe.

Chuo cha mafundi hao kipo Moshi, Tanzania, tangu 1981. Katika mkataba ujao tudai mwajiri alipie kipimo na matengenezo, si chuma tu.