Kununua Parsele Goma: Maneno kwa Familia za Masisi na Walikale



Kati ya washirika waliotoka Masisi na Walikale wakafika Goma, kuna swali ambalo sisi wachungaji tunaulizwa siku hizi kuliko maswali mengi ya Biblia: tununue parsele katika kartie gani? Anayeuliza ni baba aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho, au mama mjane ambaye watoto wake wamebadilisha shule mara tatu kwa mwaka. Pesa aliyo nayo ni moja tu, ikipotea haitarudi. Kwa sababu hiyo tunalizungumza jambo hili hapa, hata kama wengine watasema mchungaji ahubiri mbingu na kuwaachia makomisioneri habari za viwanja.

Tukumbuke namna tulivyofika hapa. Mwezi wa Januari 2025 vita vilipita Masisi-kati, vikapita Sake, na mwisho wa mwezi huo M23 ikaingia Goma. Tarehe 19 Machi ilikuwa zamu ya Walikale-kati, ambako wapiganaji waliondoka tena mwanzoni mwa Aprili. Kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa mwezi wa Februari, na watu wakaambiwa warudi vijijini. Wengine walirudi. Wengine hawakuwa na nyumba ya kurudia, wakakodi chumba cha mbao mjini. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na pesa ikawa ni ile tu ambayo mtu anaishika mkononi.

Mji ukipita katika hali ya namna hiyo, hujitokeza wauzaji wa aina mbili. Yupo anayeuza mali yake kwa haraka ili aondoke. Na yupo anayeuza mali ya jirani aliyekwisha kuondoka. Bei zao zinafanana, na ndipo hatari ilipo.

Lakini tuanze na ardhi yenyewe. Mtu wa Masisi anajua udongo: anaupiga jembe, anautazama rangi, anajua maharagwe yatakuwaje. Goma haina udongo, ina mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita kwenye uwanja wa ndege na katikati ya mji mpaka ziwani, na zaidi ya watu laki moja wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama Buhene, karibu kabisa na mji. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kartie kumi zihame: Majengo, Mabanga Kaskazini na Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Kahembe, Les Volcans na Mikeno. Watu wa Goma walikimbilia Sake kwa maelfu, wakalala katika shule na makanisa ya Masisi. (Sisi tuliopokea wageni wale hatukudhani kwamba zamu yetu ya kubeba magodoro ilikuwa karibu namna hii.)

Orodha ile ya kartie kumi ni ramani ya bure. Haina maana kwamba mtu asiishi huko. Wanaishi watu wengi sana, na shule nzuri ziko huko, na soko pia. Ina maana kwamba anayenunua huko anunue akijua, na watoto wake wajue njia ya kukimbilia. Mapendo na Birere zina jambo jingine: zinakaa mwisho wa uwanja wa ndege. Ndege ya Hewa Bora iliangukia nyumba za watu tarehe 15 Aprili 2008, na ndege ndogo ya Busy Bee ikaangukia Mapendo tarehe 24 Novemba 2019. Leo anga limenyamaza na parsele za huko zinaonekana tulivu. Lakini uwanja hautafungwa milele.

Familia nyingi za kwetu zinapenda upande wa magharibi, Keshero, Ndosho, Mugunga, Lac Vert. Tunaelewa. Ni upande wa njia ya Sake, njia ya nyumbani. Mtu akisimama barabarani anaona nani amefika kutoka Masisi na amebeba nini. Upande huo haukuwa katika orodha ya 2021. Ila una mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu ya kukuonya, nayo inakaa katika mabonde madogo na mashimo. Mtu mzima akipita amesimama huenda asisikie kitu. Mtoto anayecheza chini, au mbuzi aliyelala, anakufa. Kuelekea Bulengo na Lac Vert wenyeji wanajua mahali penyewe. Kabla ya kutoa pesa, waulizeni wazee wa avenyu, si komisioneri: mbuzi wanafia wapi hapa? Swali hilo moja linafaa kuliko kuangalia rangi ya nyumba. Tena parsele iliyo katika shimo ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko zile za juu yake, usifikiri umebahatika.

Njia ya nyumbani pia ni njia ya vita. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi za Lac Vert na Mugunga, wakafa watu, wengi wao wanawake na watoto. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba kuna kartie ya Goma isiyofikiwa na bomu. Tunamwambia tu asinunue Mugunga kwa kudhani kwamba kukaa karibu na Masisi ni usalama.

Kisha maji. Goma inakaa kando ya ziwa kubwa na bado mama anaamka usiku kutafuta bidoni moja. Katika mawe haya kuchimba kisima si jambo la mtu wa kawaida. Maji ya bomba yanapandishwa kutoka ziwani, na moto wa 2021 ulipoharibu tangi kubwa la Buhene, sehemu kubwa ya mji ilikauka. Penye shida ya maji kipindupindu hakiko mbali, tena choo ni kazi ya nyundo, kwa sababu shimo linapasuliwa katika jiwe. Kwa hiyo nendeni mahali penyewe mara mbili: mara moja asubuhi mapema, muone foleni ya bidoni inaanzia wapi na nani anaibeba, na mara moja siku ya mvua. Binti anayetembea mbali gizani kutafuta maji anakutana na mambo ambayo hapa hatuna haja ya kuyaeleza. Nyumba ya mbao karibu na bomba na shule, kwa maoni yetu, ni nyumba ya familia kuliko nyumba ya matofali mahali pasipo na kimoja wala kingine.

Tukija kwa jirani, tunagusa kidonda. Wahunde wanatafuta avenyu ya Wahunde, Wahutu ya Wahutu, Watutsi ya Watutsi, Wanyanga wanaulizana wapi Wanyanga wenzao wamenunua. Hatusemi hofu hiyo haina sababu. Mwezi wa Machi 1993 damu ilianza kumwagika katika soko la Ntoto, kwetu Walikale, siku ya soko, ikaenea Masisi yote; waliokuwa watoto wakati ule ndio baba na mama wanaonunua parsele leo. Lakini tumeona pia avenyu za kabila moja zinavyokuwa. Uvumi ukiingia hakuna wa kuukanusha, na siku ya fujo adui anajua aende wapi. Pale ambapo watoto wanasoma pamoja na mama wanachota maji bomba moja, mara nyingi ni jirani wa kabila lingine aliyegonga mlango usiku kuonya.

Sasa karatasi, na hapa tunaomba msome taratibu.

Sisi watu wa Masisi tulikwisha kufundishwa somo hili kwa uchungu. Babu zetu walipata shamba kwa mwami au kwa mkubwa wa kijiji, wakatoa mbuzi, wakatoa sehemu ya mavuno, majirani wakajua mpaka uko wapi. Ilitosha. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali. Kuhusu mashamba ya kimila, sheria ile iliahidi amri ya rais ya kuyapanga, na miongo ikapita bila amri hiyo. Katikati ya ahadi na amri, watu wenye uwezo walikwenda ofisini wakapata karatasi, na milima ya Masisi ikawa ferme za ng'ombe. Mkulima aliambiwa yeye ni mgeni katika shamba la babu yake. Vita vyetu vingi vina mzizi hapo.

Mjini, sheria hiyo hiyo inatambua haki ya mtu juu ya parsele kwa sertifika ya kuandikishwa inayotolewa na mhifadhi wa ardhi. Sertifika ikipita miaka miwili bila kupingwa, inakuwa na nguvu sana mbele ya mahakama. Lakini kile ambacho wengi wananunua pembeni ya Goma si sertifika. Ni fishi ya parsele ya kartie au ya komini, pamoja na barua ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi. Karatasi hizo ni mwanzo, nazo zina faida, ila anayezilipia bei ya sertifika amepunjwa. Leo kuna shida ya ziada: wenye mamlaka ni wa pande mbili, na karatasi iliyotolewa chini ya upande mmoja inaweza kukataliwa na mwingine siku mambo yakibadilika. Kwa sababu hiyo tunawaambia washirika wetu wapendelee parsele ambayo karatasi zake ni za zamani, za kabla ya Januari 2025, na muuzaji ni yule yule aliyeandikwa humo, amesimama mbele yao kwa miguu yake.

Tena ulizeni habari za mke wa muuzaji. Sheria ya familia inataka mume na mke wakubaliane wote wawili nyumba inapouzwa. Muuzaji anayesema mke yuko safarini, mkumbushe kwamba safari ina mwisho, mngojee. Na wewe mnunuzi, jina la mke wako liandikwe pamoja na lako. Ndoa nyingi za kwetu zilifungwa kwa mahari na kwa baraka ya kanisa bila kuandikwa komini. Siku baba akifa, shemeji anafika na kusema huyu mwanamke hatumjui. Tumezika baba asubuhi na kuona mama akitolewa nje kabla matanga hayajaisha. Andikisheni ndoa kwanza, ndipo mnunue parsele.

Majirani wa pande nne waitwe, pamoja na shefu wa avenyu na wa nyumba kumi. Mmoja wao akisema kwa sauti ya chini kwamba mwenyewe alikimbilia Beni au Kampala na huyu ni mlinzi tu, ondokeni, hata kama mlikwisha kutoa pesa ya kuonyeshwa. Kununua nyumba ya mtu aliyekimbia, kwa mtu asiye yeye, ni kuiba. Hatuwezi kuiita jina lingine kwa sababu mnunuzi ni mshirika wetu au kwa sababu naye aliporwa kule Masisi.

Na yule anayeuza mali yake halali kwa sababu njaa imemshika? Katika Mwanzo 23 Ibrahimu, aliye mgeni, anatafuta kaburi la Sara. Efroni anamwambia achukue shamba bure. Ibrahimu anakataa, anapima shekeli 400 mbele ya watu wote kwenye lango la mji. Alijua kwamba kitu kilichopatikana kwa bei ya aibu kitadaiwa tena na watoto wa muuzaji. Tunajua kwamba mnunuzi wetu naye ni maskini, hatumwambii alipe kama tajiri. Tunamwambia asisubiri mtoto wa mwenzake augue ndipo ateremshe bei.

Yeremia 32 tunaihubiri sana siku hizi, namna nabii alivyonunua shamba la Anathothi wakati mji umezungukwa na jeshi. Tunapenda tumaini lililo ndani yake. Tusiruke zile aya za katikati: fedha inapimwa, mashahidi wanatia sahihi, hati ni mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa azitie zote katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nabii aliyesikia sauti ya Mungu hakudharau karatasi.

Kwa wengi wanaotuuliza, jibu letu ni kwamba wakodi kwanza. Wakae katika kartie wanayoitaka majira ya mvua na majira ya jua, wajue maji, hewa na jirani. Hasa tunawasihi wasiuze shamba la Masisi au la Walikale ili kununua parsele ya Goma. Sasa anayenunua huko ananunua kwa hofu ya muuzaji, na mtoto wako atarudi siku moja kuuliza.

Katika kila parokia tunaomba wazee wafungue daftari moja. Kila familia iliyokimbia iandike humo shamba lake: kijiji, grupima, kilima, mto au mti ulio mpakani, majina ya majirani wa pande nne, nani aliwapa na mwaka gani, na nani analilima sasa. Mume na mke watie sahihi wote wawili, au kidole. Nakala moja ibaki kwa familia na nyingine ipelekwe katika mji mwingine, mbali na Goma. Daftari hilo halina nguvu ya sertifika, lakini wazee wanaokumbuka mipaka hiyo wanakufa kila mwezi katika vyumba vya kukodi vya Ndosho, kwa hiyo kazi hiyo ianze Jumapili hii baada ya ibada.